Barua kwa Halima: Yule Mtu wa Barafu

Mwanangu Halima,

Salaam nyingi kutoka Walukuba. Sisi wazima, ila goti la mama yako. Unauliza kama Idi, kwa miaka yake 7, anaweza kutazama kile kipindi cha katuni cha Batman mlichokuwa mnakitazama kwenye kanda ya Baba Mdogo, cha mtu wa barafu. Unaogopa kitamtisha. Kitamtisha kidogo, atalala. Mimi linaloniwasha ni jingine.

Nimekitazama tena kwenye simu ya kaka yako. Ni cha mwaka 1992, "Heart of Ice", Paul Dini ndiye mwandishi. Victor Fries amemgandisha mkewe Nora ili ugonjwa usimmalize kabla tiba haijapatikana. Bosi wake, Ferris Boyle, anaingia na walinzi, anaamuru mitambo izimwe kwa kuwa inakula pesa, halafu anampiga Fries teke, naye Fries anaangukia kemikali zinazomgeuza yule mtu wa barafu. Na ndiye huyohuyo anayeandaliwa tuzo ya utu!

Hapo ndipo nilipoinuka siku ile nikatoka nje, mkadhani katuni imenichosha. Mama yako ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitali. Ng'ombe wa mjomba wako aliuzwa kwa nini, unajua. Ila kabla ya ng'ombe nilikwenda kwa meneja wetu kiwandani kuomba mkopo wa mshahara. Akaendelea kukoroga chai. Wiki ileile nikamwona gazetini, anakabidhi hundi kubwa kama mlango, eti ya kusaidia wagonjwa.

Kwa hiyo Fries namwelewa. Lakini nimewaambia tangu mkiwa wadogo: kuumizwa si leseni. Tazama mwanzoni, kijana wa genge lake mwenyewe anaganda miguu, naye anamwacha palepale. Kijana yule alimkosea nini? Kuumizwa si leseni. Ingawa, bila ule mkanda wa video Batman alioupata, unaoonyesha Boyle alivyomtenda Fries, nani angemgusa Boyle? Polisi? Haya, nisianze.

Mama yako anakumbuka supu tu. Batman ana mafua, mtumishi wake Alfred amemfungia supu ya kuku kwenye flaski, naye Batman anampasulia Fries ile flaski kwenye kofia ya kioo. Bunduki ya barafu imeshindwa na supu! Anacheka mpaka anashika goti.

Basi mwonyeshe. Idi atakuuliza kama Fries ni mtu mbaya. Usimjibu, aseme yeye kwanza. Mimi jibu langu ninalo, na kulinyamazia kunanitesa. Akishasema, mpe simu anipigie, na wewe usimnong'oneze.

Baba yako