Sabufa ya wati 1,200, amplifaya ya 3,000: niamini namba ipi?

Swali: Fundi, shikamoo. Nina Noah, nimenunua sabufa ya inchi 12 yenye koili mbili za omu 4. Boksi limeandikwa 1,200W kwa maandishi makubwa, chini yake RMS 400W. Dukani kuna amplifaya mbili: moja 3,000W, nyingine RMS 500W kwa omu 2. Nichukue ipi isiniunguzie spika?

Jibu: Marahaba. Chukua ya 500. Hizo 1,200 ni za kishindo cha kufumba na kufumbua. Mzigo ambao sabufa yako inaubeba mziki ukipigwa mfululizo ni wati 400 za RMS.

Ile ya 3,000 igeuze utazame fyuzi yake ubavuni. Ukikuta moja tu ya ampia 30, zidisha kwa volti 13.8 za gari likiwa limewashwa: zinaingia wati 414. Sehemu inaishia kwenye joto, spika inaambulia kama 300. Zilizobaki anazo aliyechapa boksi.

Unganisha chanya za koili zote mbili pamoja, na hasi pamoja, upate omu 2. Ukizifuatanisha, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, zinakuwa omu 8 na nguvu inaporomoka.

Usiogope 500 kwenye spika ya 400. Spika nyingi ninazoletewa zikiwa na harufu ya vanishi iliyoungua zimeuawa na amplifaya ndogo iliyokamuliwa kupita uwezo wake: mawimbi yanakatwa vichwa, koili inachemka bila kupumzika. Cha kuangalia ni geini, ile swichi ya kuzungusha kwenye amplifaya, ambayo watu wanaifanya volyumu ya pili. Chomoa waya za sabufa kwenye amplifaya, zima kikuza besi, weka redio robo tatu ya sauti, piga toni (mlio wa kupimia) ya hezi 50. Mita ikiwa kwenye volti za AC pale zinapotokea waya za spika, panda na geini taratibu hadi isome 28, usizidishe. Volti 28 kwa omu 2 ni wati 392. Zima amplifaya, rudisha waya, kisha geini usiiguse tena.

Waya wa umeme uwe geji 4, shaba tupu. Ukwangue kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyovikwa shaba juu. Fyuzi ya ampia 60 ikae kwenye waya huo, isizidi sentimita 45 kutoka betri, maana waya ukichubuka na kugusa bodi kabla ya fyuzi, gari linawaka moto.