Chumvi ya Uvinza, taa za breki na waya mmoja wa athi

Nikikanyaga breki, taa za dashibodi zinawaka kwa mbali. Nikiwasha indiketa usiku, taa za nyuma nazo zinapepesa. Sindano ya mafuta inashuka breki ikikanyagwa, nikiachia inapanda. Corolla yangu ya mwaka 1998, ile yenye mlango mkubwa wa nyuma, ilinisumbua hivyo kwa karibu miezi mitatu hapa Kigoma. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye gari la zamani ambaye ameshaambiwa "waya zimechoka, liuze".

Wa kwanza kuliona tatizo alikuwa kijana wa bodaboda, jioni moja nikiteremka kwenda Kibirizi. Alisogea dirishani akasema, "Braza, ukishika breki taa zako ndogo za mbele zinawaka." Nilidhani ameona vibaya. Usiku ule nikamwomba mke wangu asimame mbele ya gari, na ikawa kweli.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ningependa wewe usikifanye. Nilibadilisha balbu zote za nyuma. Nikabadilisha flasha ya indiketa, kisha betri. Gereji moja ikataka kushusha altaneta, kile kifaa kinachochaji betri, nami nilikuwa karibu kukubali. Kila kifaa nilichokitoa kilikuwa kizima, na bado roho inaniuma kwa pesa ile.

Mwishowe nikaenda kwa mzee mmoja fundi umeme pale Mwanga. Hakufungua boneti. Aliniuliza, "Gari hili unabebea nini?" Nikamjibu: chumvi na dagaa. Kila wiki mbili nakwenda Uvinza, narudi na mifuko ya chumvi nyuma. Akasema, "Fungua nyuma, mwanangu. Toa zulia."

Kwenye kona ya kushoto, ndani ya plastiki inayofunika taa, kuna waya mweupe wenye mstari mweusi. Kwenye Toyota nyingi rangi hiyo ndiyo athi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Umefungwa kwenye bodi kwa bolti ya spana namba 10. Ile bolti ilikuwa imevaa ukoko mweupe wenye ukijani pembeni, na nilipougusa waya, pete yake ikacheza. Chini yake bati lilikuwa limegeuka unga wa kahawia. Nikalamba ncha ya kidole: chumvi. Chumvi hunyonya unyevu hata mvua isiponyesha, na bati lenye unyevu wa chumvi huliwa haraka sana.

Mzee akanieleza, na tangu siku ile naliona gari kwa jicho jingine. Umeme hutoka betri, hupita kwenye balbu, kisha lazima urudi betri kupitia bodi. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili ndani, ule wa breki wa wati 21 na ule mdogo wa wati 5, na zote zinarudi kwa athi moja. Athi ikikatika, umeme wa breki hauna pa kurudia, basi unaingia kwenye uzi mdogo, unapanda na waya wa taa ndogo hadi mbele, na huko unawasha dashibodi na taa ndogo ukitafuta bodi. Geji ya mafuta nayo ilikuwa inategemea bolti ileile. Kwa hiyo ukiona vitu viwili visivyohusiana vinacheza pamoja, weka balbu na fyuzi pembeni kwanza. Tafuta athi wanayoshirikiana.

Sasa sikiliza sehemu hii kwa makini, maana hapa mafundi wengi wanapotea. Mimi nilikuwa nimeshapima waya ule kwa mita, taa zikiwa zimezimwa, na mita ikaonyesha uko sawa. Mita haikuwa mbovu. Mita inavuta umeme kidogo mno, kiasi kwamba hata unywele mmoja wa waya unatosha kuipa jibu zuri. Balbu ya breki inataka karibu ampia 2, na hapo unywele mmoja hautoshi. Mzee aliweka mita kwenye volti, waya mweusi wa mita kwenye negativu ya betri (tulirefusha kwa waya mrefu hadi nyuma), mwekundu kwenye athi ya taa, akaniambia nikanyage breki. Ikasoma volti 4. Hapo panatakiwa pasome karibu na sifuri, isizidi 0.2. Tukafungua bolti, tukapiga msasa hadi bati likang'aa, tukaweka pete mpya, tukakaza, tukapaka grisi juu. Mita ikasoma 0.05. Dashibodi ikatulia, sindano ya mafuta ikatulia. Kazi yote haikufika saa moja.

Kwa hiyo pima kifaa kikiwa kinafanya kazi. Kama huna mita, chukua balbu ya breki, isoldee waya mbili, hiyo ndiyo testa yako. Ila usiitumie kwenye waya za kompyuta ya gari, na waya zenye soketi za njano za mifuko ya hewa usiziguse kabisa.

Stata inayotoa "tak" moja halafu kimya ina hesabu hiyohiyo. Betri iliyojaa, gari likiwa limepumzika, husoma volti 12.6, ikisoma 12.2 iko nusu. Unapopiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi. Kama betri ni nzima na stata bado haizunguki, chukua waya wa kubusti, unganisha negativu ya betri moja kwa moja na chuma cha injini, ujaribu tena. Likiwaka, kosa liko kwenye athi ya injini, ule waya mnene unaosahauliwa kurudishwa injini ikishushwa. Altaneta nayo ipime kabla hujaishusha: gari likiunguruma, betri isome kati ya 13.8 na 14.5.

Betri inayokufa gari likiwa limeegeshwa ilinichukua muda mrefu zaidi. Magari yetu mengi yalitoka Japani na redio za FM za megahezi 76 hadi 90, stesheni zetu nyingi hazishiki, kwa hiyo watu wamebadilisha redio, na soketi ya asili imekatwa na waya kusokotwa kwa mkono. Fungua hapo mapema. Kupima, vua waya wa negativu, weka mita ya ampia, kwenye tundu la 10A, kati ya waya na kichwa cha betri, funga milango, subiri nusu saa, na usipige stata kabisa mita ikiwa hapo. Ikizidi ampia 0.05 kuna kitu kinakunywa umeme. Langu lilisoma 0.5. Hiyo ni ampia-saa 12 kwa siku, na betri yangu ni ya ampia-saa 45, kwa hiyo siku ya tatu haliamki. Nikachomoa fyuzi moja moja hadi namba ikaanguka: ilikuwa redio, waya wake wa kudumu ulikuwa umechubuka unagusa bodi kupitia ukoko wa kutu.

Fyuzi ikikatika mara kwa mara, naomba sana, usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya sigara. Waya ndio utakaoungua badala yake, na uko chini ya miguu ya watoto wako.

Mlango wa nyuma wa magari kama langu pia ukaguliwe: waya hupita kwenye mpira karibu na bawaba, hukunjwa kila unapofungua, na hukatika ndani ya ngozi yake huku nje ikionekana nzima. Vuta kila waya taratibu. Unaonyooka kama mpira umekatika.

Chumvi bado nabeba. Nimetandika turubai zito linalopanda pembeni, na kila mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, natoa zulia nafungua ile bolti.