Namvuta mkono mwenzangu tukicheza

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nimeanza kujifunza dansi ya salsa. Mwenzangu analalamika namvuta mpaka bega linamuuma, na nikilegeza hajui tunageukia wapi. Nifanyeje? – Msomaji, Sinza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kumvuta kukome leo hii, bega la mtu si la kujifunzia. Kuongoza kunaanzia kifuani na miguuni, mkono unapeleka habari tu. Ukitaka arudi nyuma, songa mbele mwili mzima, mguu wa kushoto kwenye pigo la 1 kati ya yale manane ya muziki. Yeye atarudi na wa kulia. Mnakanyaga 1, 2, 3, mnatulia 4, kisha 5, 6, 7, mnatulia 8.

Penye kazi ni kumzungusha. Usimbane kwa kidole gumba! Kunja vidole vyako kama ndoano iliyolegea, vyake vizunguke humo. Inua mkono kwenye 3 ili ageuke 5, 6, 7, na ubaki juu kidogo ya utosi wake. Ukichelewa, lazima utamvuta.

Naye asiulegeze mkono kabisa, maana hata ukiongoza vizuri hatasikia kitu.

Halafu chezeni rumba ya Kikongo, ile ya polepole. Mimi nimekulia Magomeni nikiwaangalia wazee wakiicheza wameshikana, na hadi leo naipenda kuliko dansi zote. Inakupa nafasi ya kusikia uzito wa mwenzako uko mguu gani. Usimpeleke popote kabla hujaujua mguu huo.

Bega likiendelea kuuma, apumzike, aende zahanati.