Maganda Yaliyovimba: Niliyojifunza kwa Kujaza Risasi za 10mm Auto

Nilianza kujijazia risasi, yaani kuyatia maganda yaliyokwisha kupigwa baruti na kichwa kipya, hapa Arizona, Marekani, ambako sheria inamruhusu mtu kufanya hivyo kwa matumizi yake mwenyewe, kwa kutumia .45 ACP, aina ya risasi ya bastola, na risasi hiyo ilinidekeza. Kikomo chake cha shinikizo la gesi ni pauni 21,000 tu kwa inchi ya mraba, hivyo kosa dogo la kupima baruti aghalabu hupita bila kuonekana. Nilipohamia 10mm Auto, iliyozaliwa mwaka 1983 pamoja na bastola ya Bren Ten na ambayo kikomo chake ni pauni 37,500, nilikwenda nayo kwa mazoea yale yale.

Haukupita muda nikaokota maganda yaliyovimba upande mmoja, juu kidogo ya kitako. Wamarekani huuita uvimbe huo tabasamu, jina ambalo sijalizoea. Katika bastola nyingi zinazojipakia zenyewe, sehemu ya chini ya chemba, yaani tundu la mtutu linalokaliwa na risasi, hukatwa ili risasi ipande kwa wepesi kutoka kwenye magazini, na pale palipokatwa ukuta wa ganda haushikiliwi na chuma. Ganda likipasukia hapo, gesi hushukia kwenye magazini na mkono wa mpigaji.

Nilishauriwa niweke springi ngumu zaidi ya slaidi, kile chuma cha juu ya bastola kinachorudi nyuma kila risasi inapopigwa. Nikaiweka, maganda yakaanza kuanguka karibu, nami nikaridhika bure, kwa kuwa springi hutuliza mwendo wa slaidi, ilhali shinikizo hufika kileleni wakati slaidi ndiyo kwanza inaanza kurudi nyuma. Dawa ilikuwa kupunguza baruti na kununua mtutu ambao chemba yake inalishika ganda vizuri zaidi.

Jambo ninalolihofia zaidi, hata hivyo, ni kichwa cha risasi kuzama ndani ya ganda kinapogonga njia ya kupandia chembani, kwa sababu nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda ghafla. Siku hizi nachukua risasi chache katika kila fungu, nabonyeza vichwa vyake kwa nguvu kwenye ukingo wa meza, kisha narudia kupima urefu kwa kaliperi. Urefu ukipungua, fungu zima linarudi mezani.

Anza na kipimo cha chini cha kitabu cha mtengenezaji wa baruti, na uchague baruti inayojaza ganda zaidi ya nusu, ili ukiimimina mara mbili kwa bahati mbaya imwagike uione. Usitegemee fataki, kile kiwashio cha baruti kilichomo kitakoni mwa ganda, ikuonye kwa kubapa, maana huweza kubaki na umbo lake hata kikomo kikiwa kimevukwa. Mimi natumia kipima mwendo: kasi ikizidi ile iliyoandikwa kitabuni kwa mtutu wa urefu ule ule, naacha kupiga.

Yale maganda yaliyovimba sikuyanyoosha, ingawa vifaa vya kuyanyoosha vinauzwa. Niliyaponda kwa koleo moja baada ya jingine, yasije yakajichanganya na mazima ndooni.