Mkono unauma nikimnyanyua mtoto, nikandwe tena?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni msusi, nina mtoto wa miezi 4. Huu mwezi wa pili mkono wa kulia unaniuma pale kwenye kifundo upande wa kidole gumba, nikimnyanyua mtoto ni kama nachomwa sindano, kukamua nguo ndo siwezi kabisa. Mama kanikanda na maji moto na mafuta siku tatu mfululizo, pakavimba zaidi. Eksirei haikuonyesha kitu. Wengine wanasema nimeteguka, wengine baridi ya uzazi. Nifanyeje, na kusuka ndo kula yangu? (Mama Junior, Mbagala)

JIBU: Marahaba mama Junior, ila mi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, sio dokta, usije ukanidai dawa.

Kwa unavyoeleza hapo hujateguka, na baridi ya watu msiisingizie. Kuna kano mbili zinazovuta gumba, zinapita kifundoni ndani ya ala nyembamba, sasa gumba likitumika kutwa nzima ile ala inanenepa na kano zinapita kwa kukwama, kama kamba ya kaptula kwenye pindo lililobana. Eksirei inaona mfupa, kano haioni, ndo maana ikatoka safi. Ugonjwa unaitwa de Quervain, jina la daktari wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895, na Waingereza wa zamani waliuita mteguko wa mfua nguo, kwa hiyo hauko peke yako. Wenye watoto wachanga ndo wateja wetu wakubwa.

Kukandwa acha kabisa. Kitu kimevimba ndani ya nafasi finyu halafu unakisugua, unategemea nini?

Tafuta splinti, kifaa cha kufunga mkono utulie, inayoshika kifundo PAMOJA na gumba, ile ya elastiki inayoacha gumba huru ni hela umetupa. Vaa wiki 3 mpaka 6, vua ukioga na ukichezesha mkono kidogo. Halafu angalia unavyomnyanyua Junior, najua unamshika kwapani magumba yametanuka kama herufi L, si ndo? Sasa pitisha viganja chini yake vikitazama juu, mmoja matakoni mwingine mgongoni, umchote kama unachota unga, uzito uende kwenye mikono yote mpaka kwenye kiwiko. Akinyonya weka mto, usimshikilie kichwa kwa kifundo kilichokunjwa. Nguo zikamuliwe na mtu mwingine. Kusuka punguza, rasta ndogondogo mpe mwenzio saluni kwa sasa.

Maumivu yakitulia ndo mazoezi. Laza mkono mezani, kiganja kining'inie nje ya ukingo, gumba juu, shika chupa ya nusu lita yenye maji kidogo. Mkono wa kushoto ndo uipandishe, wa kulia uishushe taratibu ukihesabu mpaka tano. Mara 10, basi. Ikiuma sana punguza maji usijikaze.

Wiki 6 zikipita hakuna nafuu, nenda hospitali ya rufaa wakuone, sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, inawasaidia wengi, ila kwenye ngozi zetu panaweza kubaki baka jeupe kwa miezi, ujue mapema. Waambie unanyonyesha kabla hujapewa dawa yoyote. Na kama usiku vidole vinakufa ganzi, gumba, cha shahada na cha kati, hiyo ni habari nyingine kabisa, niandikie tena.