Kaka zangu wanakataza papa asiambiwe

SWALI: Jambo mama. Niko mutoto wa kwanza, tunaishi Kadutu, Bukavu. Papa ana miaka 79, mkojo unamsumbua tangu zamani, juzi majibu ya biopsi (kile kipande cha nyama walichokata kupima) yametoka na munganga akatuita sisi watoto kwenye kulwari, pale njiani kati ya vyumba, akasema ni kanseri ya prostati (kile kitezi cha wanaume chini ya kibofu cha mkojo), imeshafika kwenye mifupa. Kaka zangu wanakataza papa asiambiwe eti presha itapanda afe mbio, wanamwambia ni infeksio. Sasa wanataka kumpasua na kila jioni ananiuliza mimi, wanataka kunipasua nini? Nani anaamua hapa, munganga ao sisi?

JIBU: Jambo dada, pole sana. Si nyinyi, na munganga naye si yeye peke yake. Mwili ni wa papa, habari yake ni ya papa, kuwaita nyinyi kwanza kwenye kulwari haikufaa.

Ila tusimlaumu sana, zamani ilikuwa vile hata kwa wazungu. Mwaka 1961 wanganga wa hospitali moja ya Chicago waliulizwa, karibu 90 kwa 100 wakasema wanapendelea kumficha mgonjwa kanseri, 1979 wanganga wengine wa Marekani wakaulizwa, 97 kwa 100 wakapendelea kumwambia. Ufaransa na Ubelgiji, kule vinakotoka vitabu vingi vya wanganga wetu, sheria za haki ya mgonjwa kujua hali yake zilitoka 2002 tu.

Sasa ile operasio. Kanseri ya prostati inakula homoni ya kiume, njo maana wanatoa korodani ao wanapiga sindano za kuzuia ile homoni. Mutamtoa mzee korodani mukimwambia ni infeksio? Ataamka, ataweka mkono, atauliza. Baadaye joto litampanda usiku bila homa, atajua mulimdanganya, na kuanzia siku ile hata mukimpa kidonge cha kichwa atawauliza ni cha nini kweli.

Munganga mzuri haangalii umri tu. Anaangalia kama kichwa cha mzee kiko wazi (anayesahau hadi majina ya watoto wake ni mambo mengine, pale mutashauriana), kama anasikia vizuri, kisha anamuuliza mwenyewe: papa, unataka nikueleze yote ao niongee na mutoto wako? Kuna wazee wanasema ongea na binti yangu, na hilo linaheshimiwa. Papa yako anauliza kila jioni, unataka aseme namna gani tena?

Kama lugha ya Mashi njo anasikia vizuri, musimweke mjukuu kutafsiri, atameza nusu ya maneno kwa haya ya kutaja korodani mbele ya babu. Tafuteni muforomo (nesi) mtu mzima.

Kaka zako hawana roho mbaya, wanaogopa. Waambie kwamba hata ikishafika kwenye mifupa, kupunguza ile homoni mara nyingi kunatuliza maumivu na kumwongezea mzee muda, na munganga aseme hilo palepale anapotaja ugonjwa, siyo anataja jina kavu halafu anakimbilia mgonjwa mwingine.

Basi rudini naye, akae kwenye kiti ndani, mlango ufungwe, mmoja wenu tu pembeni. Ulizeni na dawa ya maumivu mapema, hata morfini ya kunywa kama itahitajika. Na kesho yake akirudia maswali yaleyale mujibu tena bila kuchoka, wengi wakishasikia neno kanseri hawasikii tena yaliyofuata.