Injini ya ndege yako imechoka kweli? Soma kabla hujaifungua

Kila nikipita Kajjansi, uwanja mdogo wa ndege karibu na Kampala, lazima kuna mtu ananivuta pembeni kuniuliza kama injini yake imeisha au bado, na karibu wote wanakuja na namba moja tu, ama masaa ama kompresheni (jinsi silinda inavyoshika upepo) ya silinda moja. Jibu langu ni lile lile, namba moja haitoshi kutoa injini kwenye ndege. Nipe namba za mwaka mzima zikiwa zimeandikwa kwenye kitabu ndio tuongee. Hapa naongelea hizi ndege za kujijengea zenye injini ya Lycoming O-320 au ndugu yake O-360, injini za Rotax zina mambo yake.

Masaa tuyamalize haraka. Lycoming kwa O-320 nyingi wanasema ovaholi (kuifungua yote na kuikarabati) ni masaa 2,000 au miaka 12, chochote kitakachotangulia. Watu wanayaogopa masaa na kuicheka ile miaka, na kwa hali ya hewa ya huku ziwani mimi naona ni kinyume kabisa. Kamshafti (fito inayofungua valvu) ya hizi injini imekaa juu ya krankishafti (ile inayozungusha propela), ndege ikisimama wiki kadhaa oili yote inashuka chini, kamshafti inabaki kavu na unyevu wa Ziwa Victoria unaingia, kutu inaanza kama vidoti vidogo, halafu siku unayoamua kuruka tapeti (vipande vinavyosukumwa na kamshafti) zinakwangua pale pale penye vidoti na chuma inaanza kumenyeka. Na usiniambie unaiwasha chini kila Jumamosi dakika kumi. Hiyo haichemshi oili vya kutosha kufukuza maji, unaongeza maji mengine tu. Lycoming wenyewe wanataka iruke saa moja mfululizo, oili ikiwa nyuzi 74 mpaka 93 za Selsiasi, na isipite siku 30 bila kufanya hivyo. Kwa hiyo ukiniletea injini ya masaa 400 iliyolala miaka sita chini ya turubai, na nyingine ya masaa 1,800 inayoruka kila wiki, mimi napanda hiyo ya 1,800.

Sasa kompresheni. Pima injini ikiwa ya moto, ingiza upepo wa psi 80, geji ya pili ikuonyeshe umebaki ngapi, na mtu mwenye nguvu ashike propela maana ule upepo unaweza kuizungusha ikamkata mtu (hili si la utani, usimpe kijana wa kuosha ndege). 70 kwenda juu, kaa kwa amani. Silinda zikipishana 10 mpaka 15 anza kufuatilia. Chini ya 65 kuna uchakavu, lakini hata hapo ruka kidogo upime tena kabla hujaita fundi na spana, nimeona silinda inasoma vibaya leo na wiki ijayo inasoma vizuri kwa sababu kipande cha kaboni kilikuwa kimekaa kwenye kiti cha valvu.

Cha muhimu kuliko namba ni sikio. Upepo ukiwa ndani ya silinda, chukua kipande cha mpira, weka ncha moja sikioni na nyingine kwenye ekzosi. Ukisikia ssss pale, valvu ya ekzosi haifungi. Hamia kwenye kabureta, sauti ikiwa huko ni valvu ya kuingiza hewa. Halafu fungua kifuniko cha kujazia oili usikilize, hapo kila injini inapumua kidogo, ila ikipuliza kwa nguvu ni ringi za pistoni au ukuta wa silinda. Baada ya hapo ingiza boroskopu (kamera nyembamba) kwenye tundu la plagi uangalie uso wa valvu ya ekzosi. Nzima inakuwa na rangi zilizojipanga duara kuzunguka katikati, inayoungua ina upande mmoja pembeni uliobadilika rangi, na hiyo usiisubiri. Valvu iliyoungua ni kazi ya silinda moja, si sababu ya mtu kukuuzia injini nzima.

Filta ya oili ikatwe kila mara unapobadilisha oili, kila mara. Kata kopo, toa karatasi, ikunjue kwenye mwanga wa jua, pitisha sumaku. Vumbi la kung'aa kidogo kwenye injini mpya ni kawaida. Vipande kama magamba vinavyoshikwa na sumaku, hapo fikiria tapeti na kamshafti, na kumbuka kompresheni inaweza kuwa 78 kote huku kamshafti inaliwa, maana hivyo vitu viwili havijuani. Ukiweza kutuma oili maabara, soma silikoni pamoja na chuma: zikipanda pamoja vumbi linaingia, kaangalie filta ya hewa na mpira wake kwanza. Tunatua kwenye udongo mwekundu jamani. Na oili inayoliwa, kwa hosipawa 160 kikomo cha kiwanda ni kama nusu lita kwa saa, lakini injini iliyokuwa inakula robo ya hapo na ghafla imefika nusu ya kikomo mimi siiti nzima hata kama haijavuka kikomo.

Tuseme ushahidi umekubali, injini inafunguliwa. Nani afungue? Mafundi wa magari wa Katwe, Kampala, wana mikono, sibishani, lakini silinda ya ndege imefanywa ngumu tabaka jembamba tu la uso wa ukuta, na huko kichwani imebanwa kidogo makusudi ili ikipata moto inyooke, ukiipiga boo (kupanua tundu lake) kama ya Hiace umeimaliza. Kwa hiyo ni Nairobi pale uwanja wa Wilson, au Afrika Kusini, au mbali zaidi. Usianze na bei. Uliza anapima kwa vipimo vya kitu kipya au kwa vipimo vya matumizi, maana vyote viwili vinaitwa ovaholi ila cha pili kinaruhusu chuma iliyobakiza kidogo irudi ndani. Uliza silinda ni mpya au zimekarabatiwa, magneto (zinazotoa cheche za plagi) na kabureta zimo kwenye bei au ni bili nyingine (jamaa yangu alirudishiwa injini safi na magneto zile zile zilizochoka, kisheria hakuwa na la kusema, hazikuandikwa), krankishafti itakaguliwa nyufa kwa sumaku na nani, injini itawashwa kwenye benchi kabla haijatoka. Kama propela yako ni ya piti moja (mabapa yake hayabadili mkao), taja AD 98-02-08, agizo la usalama la mamlaka ya anga ya Marekani, inayotaka ndani ya pua ya krankishafti paangaliwe kutu. Akiijua mara moja endelea naye. Akisema "tutaona" mshukuru uondoke.

Mwambie pia unataka karatasi yenye kila kipimo cha kila beringi, si cheti chenye muhuri tu. Na garantii iseme nani analipa usafiri injini ikirudi, maana garantii ya kusafirisha kilo mia na zaidi kwa pesa yako ni mapambo. Kabla haijavuka Malaba au kupanda ndege Entebbe, jaza karatasi za forodha kwamba inatoka kwa matengenezo na itarudi, namba ya injini imeandikwa, usije ukatozwa kama umeingiza mpya. Na UCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uganda, waambie mapema, si baada.

Ikirudi usiibembeleze. Oili ya madini, muda mfupi chini, halafu iruke kwa nguvu karibu asilimia 75 mpaka ulaji wa oili utulie, la sivyo ringi hazikai. Hapa kwetu kuna tatizo dogo, uso wa ziwa lenyewe uko zaidi ya futi 3,700, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) ikifika futi 8,000 hata ukisukuma throto mpaka mwisho unapata hiyo 75 tu, kwa hiyo ruka chini, asubuhi kukiwa na baridi, zunguka juu ya uwanja unaoweza kurudi bila injini. Ziwa liko tambarare na linavutia lakini masaa ya mwanzo liache.